Kabla ya Kugawa au Kuunganisha Halmashauri za Nyanda za Juu Kusini, Tuhesabu Vinavyostahili Kuhesabiwa

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8 ya ubunge, na Uyole, ndani ya Jiji la Mbeya, likawa mojawapo. Tangu hapo mazungumzo ya mjini Mbeya yamechanganya mambo mawili yasiyofanana. Wapo wanaoamini kwamba jimbo likishazaliwa, halmashauri yake inafuata nyuma, na kilichobaki ni kugombania makao makuu yajengwe wapi. Wapo pia wanaosema halmashauri zimezidi, kila moja ina mkurugenzi, magari na vikao vyake, kwa hiyo dawa ni kuziunganisha ili fedha iende kwenye zahanati na madarasa. Pande hizi zinapingana, lakini zote zinahesabu ofisi. Hoja yangu ni kwamba idadi ya halmashauri peke yake haituambii lolote la maana. Uchunguzi wa kuunganisha halmashauri za Nyanda za Juu Kusini unahitajika, na unahitajika kweli, ila upime kazi moja moja: ipi hufanyika vizuri na kwa nafuu eneo likiwa kubwa, na ipi huharibika mara tu ofisi inaposogea mbali na kijiji. Ukiufanya hivyo, utakuta akiba inayotangazwa na wapenda kuunganisha ni ndogo, na faida wasiyoitaja ni kubwa.

Nianze na jimbo, maana hapo ndipo kosa lilipoanzia. Jimbo hukatwa na Tume kwa mamlaka ya Ibara ya 75 ya Katiba, kwa ajili ya kuchagua mbunge. Halmashauri huanzishwa chini ya Sura ya 287 ya sheria za nchi kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji, na maombi yake hupanda ngazi: mikutano ya vijiji na mitaa, kamati za maendeleo za kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, kisha TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Hizi ni njia mbili tofauti, na kisheria moja haizai nyingine. Halmashauri ya Wilaya ya Iringa ina majimbo mawili, Isimani na Kalenga, na imebaki moja. Mbozi ina majimbo ya Mbozi na Vwawa chini ya mkurugenzi mmoja. Imani ya kwamba jimbo huzaa halmashauri haikutoka hewani, hata hivyo. Rungwe Mashariki lilikuwa jimbo kabla Busokelo haijawa halmashauri, na leo Wilaya ya Rungwe ina mkuu wa wilaya mmoja na halmashauri mbili, moja Tukuyu na nyingine Lwangwa. Njombe ni zaidi: wilaya moja, halmashauri tatu, yaani Mji wa Njombe, Mji wa Makambako na Halmashauri ya Wilaya. Aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akitarajia Uyole ifuate mkondo huohuo.

Ukanda huu umegawanywa sana ndani ya muda mfupi. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Leo Mbeya ina halmashauri 7, Iringa 5, Njombe 6 na Songwe 5. Jumla ni 23 kwa mikoa ambayo, kabla ya 2012, ilikuwa miwili tu. Ukubwa wake hauna uwiano. Kwa sensa ya 2012, Halmashauri ya Wilaya ya Njombe ilikuwa na watu 85,747, Makambako 93,827, Busokelo 96,348. Jiji la Mbeya, kwa sensa ya 2022, lina watu 541,603. Kila moja kati ya hizi inatakiwa kuwa na mkurugenzi, wakuu wa idara, mkaguzi wa ndani, mwanasheria, kitengo cha manunuzi, mganga mkuu na kamati za kudumu zinazokutana kwa ratiba ileile. Gharama hiyo ya kuwepo tu, kabla hujajenga hata choo kimoja cha shule, hukaribia kulingana kwa mkubwa na mdogo, huku kapu la kuilipia likitofautiana mara nyingi.

Hapo ndipo hoja ya akiba inapopata nguvu, na hapo pia ndipo inapovunjika. Msemaji wake huchukua bajeti nzima ya halmashauri ndogo, akaitangaza kama fedha itakayookolewa. Lakini sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri yoyote ya Tanzania ni mishahara inayolipwa na Hazina, na wengi wa wanaolipwa ni walimu na watumishi wa afya. Unganisha Rungwe na Busokelo leo. Mwalimu wa Lwangwa hatapungua. Madiwani nao hawapungui, kwa sababu diwani huchaguliwa na kata, na viti maalumu vya wanawake hufuata idadi ya kata. Kuunganisha kunaondoa mwenyekiti mmoja na makamu wake, basi. Madiwani wote waliosalia watahudhuria vikao vilevile, na wengine watadai posho kubwa zaidi ya safari. Barabara hazimo tena mikononi mwa halmashauri tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianze mwaka 2017, na maji ya vijijini yalikwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sheria ya 2019. Kwa maneno mengine, kazi mbili zilizokuwa zinadai mitambo na wahandisi wengi zimekwisha kuunganishwa kitaifa, bila mpaka hata mmoja wa halmashauri kufutwa. Anayeahidi kwamba kuunganisha kutaleta greda mpya anaahidi kitu ambacho mkurugenzi hana.

Basi kinachookolewa ni nini? Ni gharama za makao makuu: mafuta, magari ya viongozi, vikao vya menejimenti, umeme, ulinzi, matengenezo ya majengo, na nafasi chache za juu. Chukua mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Halmashauri ya kwanza inakusanya shilingi bilioni 2 kwa mwaka za mapato yasiyolindwa, yaani yasiyotengewa kazi maalumu, ya pili bilioni 5. Kila moja inatumia milioni 700 kuendesha makao makuu. Hiyo ni asilimia 35 ya kapu la mdogo na asilimia 14 ya kapu la mkubwa. Ukiziunganisha, gharama mpya haitakuwa milioni 700, maana eneo la kuzungukia limeongezeka. Weka bilioni 1.05. Umeokoa milioni 350, sawa na asilimia 5 ya kapu la bilioni 7. Kama kuhamisha watumishi, kulipa stahili zao na kubadili mifumo kutagharimu milioni 500, fedha hiyo inarudi baada ya miezi 17 hivi. Lakini kama mtasema jengo la zamani halitoshi na mkajenga jipya la bilioni 3, gharama ya mwanzo inakuwa bilioni 3.5, na mtasubiri miaka 10 kabla ya kuona akiba ya kwanza. Jengo ndilo linaloamua. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi yeyote liwe hili: ofisi ipi iliyopo sasa itabeba wote, bila tofali jipya?

Faida kubwa iko kwingine, na inasemwa mara chache. Halmashauri ndogo hushindwa kwa kukosa watu wa fani adimu zaidi kuliko kwa kukosa fedha. Mpima ardhi ni mmoja, akiugua upimaji unasimama. Mkaguzi wa ndani hana msaidizi, kwa hiyo anakagua vocha za ofisini na hafiki zahanati. Ofisa manunuzi anayeujua vizuri NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, akihamishwa, zabuni zinakaa wiki kadhaa. Daktari wa mifugo mmoja anahudumia bonde zima la ng'ombe wa maziwa. Watu watatu wa fani hiyo wakiwa chini ya mwajiri mmoja wanaweza kupangwa, kuachiana likizo na kusimamiana. Wakiwa watatu chini ya waajiri watatu, kila mmoja ni kisiwa. Hiki ndicho kitu ambacho ukubwa hununua.

Faida ya pili ni mpaka wa ushuru. Mufindi ina msitu wa Sao Hill na mashamba ya chai. Mafinga ina viwanda vya mbao, maghala na maduka. Mti unaanguka upande mmoja wa mpaka, unapasuliwa na kuuzwa upande mwingine. Halmashauri moja inaishi kwa ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na nyingine inaishi kwa leseni na ushuru wa huduma wa biashara zinazotegemea mazao hayohayo. Mpangilio huu huzaa mageti. Mfanyabiashara anaonyesha risiti ya kituo cha kwanza, anaambiwa haihusiki na kituo cha pili, na mzigo unalala barabarani. Makambako ni hivyohivyo: ni njiapanda ya barabara kuu ya Tunduma na ile ya Songea, ina kituo cha TAZARA na soko la nafaka, lakini mahindi na viazi vinavyolijaza hutoka kwa majirani. Mji na shamba lake vikiwa kapu moja, motisha ya kugombania lori inakwisha.

Upande wa wanaopinga kuunganisha una hoja moja dhaifu na moja nzito. Dhaifu ni ile ya kwamba halmashauri nyingi husogeza huduma kwa wananchi. Huduma ambazo mwananchi hutumia kila mwezi ziko zahanati, shuleni, kwa ofisa mtendaji wa kijiji na wa kata. Hizo hazihami makao makuu yakihama. Na makao makuu yenyewe hayasogei kwa kuzidisha halmashauri. Wakati mwingine hurudi nyuma. Mwaka 2019 Halmashauri ya Wilaya ya Iringa ilihama kutoka mjini kwenda Ihemi, ili iwe ndani ya eneo lake. Kwa mtu wa Mgama huo ni ukaribu. Kwa mtu wa Idodi au Pawaga, njia ni ileile ya Iringa mjini: anaingia manispaa, anabadili gari, anatoka tena kuelekea Mafinga. Anapita katikati ya mji wenye halmashauri kamili, yenye idara zote, isiyoruhusiwa kumhudumia. Ramani ya halmashauri ya vijijini inayozunguka mji kama pete ndivyo ilivyo, na kuongeza pete hakumpunguzii mtu huyo safari yake.

Nzito ni hofu ya kumezwa, na mtu asiicheke. Kata za pembeni zinajua kwamba fedha hufuata sauti, na sauti nyingi ziko mjini. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2) haitaongezeka wala kupungua kwa kuunganisha, lakini itakwenda kwa vikundi vilivyo karibu na ofisi, vinavyojua kuandika maombi na kufuatilia. Vilevile mgawo wa serikali kuu mara nyingi hupangwa kwa halmashauri. Mwaka wa fedha 2018/19 zilipotengwa fedha za hospitali 67 za halmashauri, kuwa halmashauri kulikuwa sifa ya kuingia kwenye foleni. Mkazi wa Busokelo anayekataa kurudi Tukuyu anajua hesabu hiyo, na ana haki. Mradi tu fomula za Hazina na TAMISEMI zinatoa zawadi kwa kila kibao kipya cha ofisi, kila bonde litaomba kibao chake. Fomula hiyo ibadilike kwanza, mgawo ufuate watu, umbali na hali ya huduma, ndipo tuwaombe watu waache halmashauri yao.

Historia yetu inatuonya upande wa pili pia. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, kazi zikahamia mikoani na wilayani chini ya watendaji wa serikali kuu. Huduma za mijini ziliporomoka kiasi kwamba halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, na za wilaya zikafuata kwa sheria za 1982. Kenya, mwaka 2013, ilibadili mamlaka 175 za mitaa kuwa kaunti 47. Kaunti zikarithi watumishi na madeni ya mamlaka zote zilizofutwa, na mabishano ya nani anamdai nani yakachukua miaka. Denmark ilishuka kutoka manispaa 271 hadi 98 mwaka 2007, na tafiti zilizofuata zilikuta gharama za utawala zimepungua ilhali matumizi mengine yamepanda, jumla ikakaribia kubaki palepale. Toronto iliunganisha manispaa zake mwaka 1998, mishahara ikapandishwa hadi kiwango cha aliyekuwa akilipa zaidi. Katika mifano hii hakuna popote ambapo akiba ilikuja yenyewe kwa sababu mipaka imefutwa.

Basi uchunguzi wenyewe ufanywe vipi? Uanze na hesabu zilizokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) za miaka 5 mfululizo, chanzo kwa chanzo. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu bei ya mbao, kakao au mahindi ikiyumba, halmashauri maskini huonekana tajiri. Katika hesabu hizo ondoa mapato lindwa, yaani uchangiaji wa huduma za afya na mengine yenye mwenyewe, kisha ondoa asilimia 10 ya mikopo. Kinachobaki ndicho kapu halisi, na hicho ndicho kilinganishwe na gharama ya makao makuu. Hatua inayofuata ni ikama: nafasi zinazotakiwa, zilizojazwa, na siku ambazo kila fani adimu ilikuwa na mtu kazini. Kisha umbali, na hapa ndipo wachunguzi wengi hudanganywa na ramani. Upimwe kwa saa na nauli, kutoka ofisi ya kila kijiji, mara mbili: Agosti na Machi. Machi milima ya Busokelo na Umalila si ile ya Agosti. Njia ya saa moja huweza kuwa ya nusu siku au kufungika kabisa. Wakati huohuo kaunta za makao makuu ziweke daftari kwa siku 30 za kazi, liandike mtu katoka kijiji gani na kafuata nini. Daftari hilo litaonyesha safari zipi zingeweza kuishia kwa mtendaji wa kata, na hizo zishushwe hata kama hakuna kitakachounganishwa. Mwisho madeni: malimbikizo ya watumishi, wazabuni, kesi zilizo mahakamani, na majengo yaliyosimama kwenye linta. Deni lisiloandikwa kabla ya kuungana huwa ugomvi baada ya kuungana.

Utekelezaji una mitego yake. Sheria ndogo za ushuru za halmashauri mbili hazifanani, na halmashauri mpya isipokuwa na zake, zilizoidhinishwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mlipaji yeyote mwenye wakili anaweza kukataa kulipa. Mashine za kukusanyia mapato na TAUSI, mfumo wa kielektroniki wa mapato ya halmashauri, zinatambua halmashauri kwa jina lake. Zisipobadilishwa siku hiyohiyo, fedha inaingia kwenye akaunti iliyofungwa au haikusanywi kabisa. Majalada ya viwanja yahesabiwe na kusainiwa na pande zote kabla ya kupakiwa garini, kwa sababu jalada likipotea njiani, kiwanja kimoja hupata wamiliki wawili. Watumishi wahamishwe na jina la mwajiri kwenye mfumo wa mishahara libadilike mwezi huohuo, la sivyo mwalimu anakosa mshahara kwa kosa lisilo lake.

Kabla ya hayo yote kuna njia ya katikati. Sheria za serikali za mitaa zinatambua kamati za pamoja baina ya halmashauri. Mbalizi ni mji ulioungana na Jiji la Mbeya kando ya barabara kuu, watu wake wanafanya kazi na kuuza mjini, lakini iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Taka za Mbalizi na za Iyunga zinaweza kwenda dampo moja kwa mkataba wa bei kwa tani, bila kugusa mpaka. Rungwe na Busokelo zinaweza kuwa na wapima ardhi na madaktari wa mifugo wa pamoja, kwa ratiba iliyoandikwa na gharama zinazogawanywa kwa siku za kazi. Miaka miwili ya mipango kama hiyo itatoa ushahidi bora kuliko ripoti yoyote ya mezani. Ikishindikana kushirikiana katika daktari mmoja wa mifugo, kuungana kwenye bajeti nzima kutakuwa vita.

Kwa kuzipima jozi, mimi ningeanza na Mji wa Njombe na Halmashauri ya Wilaya ya Njombe, kisha Mafinga na Mufindi, kwa sababu mji na shamba vinategemeana na idadi ya watu wa upande mmoja ni ndogo. Rungwe na Busokelo waanze na huduma za pamoja, wasiguswe mpaka fomula ya mgawo ibadilike. Iringa vijijini na manispaa wahitaji kwanza ruhusa ya kuhudumiana: mtu wa Pawaga amalize shida yake kwenye kaunta ya mjini, halmashauri zilipane zenyewe. Jiji la Mbeya libaki moja lenye majimbo mawili. Kata zake 36 zinashirikiana masoko, dampo na barabara za daladala, na kuikata Uyole kutazaa pete nyingine.

Kalenda iko wazi. Madiwani waliochaguliwa Oktoba 2025 wana muda hadi 2030, na kuunganisha katikati ya muda wao ni kuvunja mabaraza mawili yenye ridhaa ya wapiga kura. Mabaraza yaliyopita yalivunjwa Juni 2025, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Dirisha linalofaa ni Julai 1, 2030, wakati mabaraza yakiwa yamevunjwa na vitabu vya mwaka vinafungwa. Bajeti ya mwaka huo itaandaliwa kuanzia mwishoni mwa 2029, kwa hiyo uamuzi uwe umetoka na sheria ndogo ziwe zimeandikwa kabla ya hapo. Ukirudisha nyuma miaka miwili ya kujaribu huduma za pamoja na mwaka mmoja wa kukusanya takwimu, madaftari ya kaunta yanatakiwa kuwa yamefunguliwa kufikia 2026.